Mrefu kwa Baiskeli Ile

Ukoo wetu hauzai mtu mfupi. Baba yangu alikuwa akiingia mlangoni kwa kuinama kama anayetafuta sindano, na mimi nilipofika miaka kumi na nne nilikuwa nawatazama wanaume wa mtaa utosini. Waliniita Mlingoti. Mama yangu akaniambia, "Inama kidogo mwanangu, wanaume wanakuona." Nikainama. Niliinama kisimani, nikainama harusini, nikainama mpaka nikaolewa, na nilipoachika nikawa nimeshazoea. Kibiongo nilicho nacho leo wajukuu wanadhani ni cha uzee. Si cha uzee. Ni cha kutii.

Kwa hiyo huyu mjukuu wangu, ambaye nimemlea tangu mama yake afariki, nilimfundisha kinyume. Alikuwa yuko darasa la saba nilipoona ananipita, nikamsimamisha uani, nikamwambia, "Sikiliza. Akikucheka mtu, wewe nyooka zaidi, ashikwe na shingo kukutazama." Mabuibui ya dukani yalimwishia kwenye muundi. Nilikuwa nayaongeza kipande chini kwa mkono wangu, tena kipande chenye nakshi, nisionekane nimeficha kitu. Nilijivuna naye. Nasema kweli, nilijivuna hadi majirani wakachoka.

Alipotimiza miaka ishirini na mbili akapata kazi ya kusomesha skuli ya maandalizi, kule Tibirinzi. Watoto wadogo, wanamfika magotini. Walimpa miezi mitatu ya majaribio, na mwalimu mkuu akamwambia neno moja tu: watoto wakifika wakukute umeshasimama mlangoni. Baba yake, mwanangu wa pili, yuko Unguja na mke mwengine na watoto wadogo wanne. Alipiga simu akasema, "Mama, nampa hiyo miezi mitatu. Ikimshinda, aje huku anisaidie watoto." Mimi najua maana ya anisaidie watoto. Mtoto wa kike akiingia katika nyumba ile na kitambaa cha kufutia vumbi mkononi, hatoki tena.

Sasa kutoka kwetu mpaka Tibirinzi kuna mwendo. Unapita Gombani, unashuka, unapanda. Gari za asubuhi zinakuja zimejaa, hazisimami. Bodaboda nilikataa mimi mwenyewe. Nilimwambia, mwanamwali hakai nyuma ya mwanamume asiyemjua akamkumbatia kiuno kwa sababu ya kona. Basi ikabaki baiskeli.

Tulikwenda Chake Chake kwa fundi mmoja anayeuza za mtumba. Alikuwa amezipanga ukutani, nyengine zimepinda, nyengine nzima. Macho ya mjukuu wangu yalikwenda moja kwa moja kwenye baiskeli nyeusi, ndefu, magurudumu makubwa, ina mtalimbo mbele, lile bomba linalotoka chini ya kiti mpaka kwenye usukani. Mimi macho yangu yalikwenda kwenye ya buluu. Ndogo, nzuri, ina kikapu mbele, na bomba lake limeinama chini, mwanamke anaingia kama anaingia mlangoni kwake.

"Ile nyeusi ni ya kiume," nikasema. "Utainua mguu juu ya chuma hicho mbele ya wantu?"

Fundi akasema taratibu, "Bi mkubwa, mpandaji ni mrefu. Hii ndogo itamkaba."

"Itamkaba nini, kwani ni shati?"

Waliokuwepo wakacheka, na mimi nikaona nimeshinda. Ukiwachekesha watu huhitaji tena kuwa na haki. Mjukuu wangu akaipanda ile ya buluu, miguu yake ikaning'inia inchi moja hivi juu ya ardhi, ncha ya kiatu tu ndiyo iliyogusa. Moyo ukanipasuka. Nikamwambia fundi ashushe kiti.

"Nishushe?" Alinitazama kama niliyemwambia akate mguu.

"Shusha, mpaka nyayo zake zote mbili zilale chini. Nataka akitaka kuanguka, ardhi iwe pale pale."

"Kiti cha baiskeli si kigoda, mama."

"Weye shusha."

Akashusha. Kikaingia mpaka mwisho. Mjukuu wangu akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, magoti yanagonga usukani." Nikamjibu, "Utazoea." Neno lile lile, utazoea. Mama yangu alikuwa akilisema kwa sauti hiyo hiyo.

Tuliporudi nyumbani, jirani yangu alikuwa barazani kwangu anasuka ukili, ile mikanda ya miyaa tunayoishona ikawa mkeka. Mimi na yeye tumesuka pamoja tangu watoto wetu wako mgongoni. Nyumba zetu zinatazamana. Mikeka mingi ya mtaa huu nusu ni mkono wake, nusu ni mkono wangu, na hujui ushono umeanzia wapi. Akainua macho, akamtazama mjukuu wangu anakuja juu ya ile baiskeli ya buluu, akasema:

"Mtoto huyu mrefu mno."

Hakusema mashaallah.

Kwetu kitu kizuri hakitajwi kikavu. Ukimwona mtoto amenona, au ng'ombe anatoa maziwa, unalitanguliza jina la Mungu, ndipo useme uliloliona. Asiyefanya hivyo hulijua analolifanya. Yeye aliendelea kusema, nikasikia mdomo wake unakwenda, lakini mimi nilishageuka, nikamvuta mtoto ndani, nikamsomea na kumpulizia. Niliporudi barazani jirani yangu alikuwa ameshakwenda zake. Alisahau mkunjo wa ukili wake pale pembeni ya ukuta.

Wiki ya pili goti la kulia likaanza. Mwanzo alisema linamkwaruza akipanda kilima. Baadaye akawa anashuka ngazi za baraza kwa ubavu kama kaa. Nikamkanda kwa mafuta ya nazi na karafuu. Goti likavimba pale mbele, chini ya kifupa, likawa na joto. Akaanza kuchelewa. Siku moja akachelewa robo saa, siku nyengine akakuta watoto wameshaingia na mwalimu mkuu mwenyewe amesimama mlangoni anamsubiri. Halafu akakosa siku mbili mfululizo kwa sababu hakuweza kuinuka kitandani bila ya kushika ukuta.

"Bibi," aliniambia, "naona ni baiskeli."

"Baiskeli ni chuma. Chuma hakimchukii mtu."

Mimi nilishajua ni nani. Nilikwenda kwa maalimu, akaandika kombe: aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, ikaoshwa kwa maji ya mawaridi, akanywa siku saba. Goti likabaki vile vile. Maalimu aliniuliza kama kuna mtu namdhania. Sikumtaja, lakini nilijua dawa waliyoifanya wakubwa wetu: unachukua mchanga aliokanyaga mwenye jicho, unauchanganya na chumvi na pilipili kavu, unamzungushia mgonjwa kichwani, unautupa motoni. Maalimu hakunambia hayo. Nilijituma mwenyewe.

Nikaenda saa nne ya asubuhi, nikidhani jirani yangu yuko konde. Nilichuchumaa mbele ya mlango wake na kifuu mkononi, nikawa nakwangua alama ya mguu wake wa kulia. Mlango ukafunguka.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga.

"Shoga, umeangusha nini?"

Kifuu kilikuwa kimejaa.

"Wanichukulia mchanga wangu?" Akashuka ngazi moja. "Miye? Miye niliyekushikia kichwa ulipokuwa unazaa?"

"Ulimtazama mtoto," nikasema. "Ulisema ni mrefu mno. Hukumtaja Mungu."

"Nilisema mrefu mno kwa baiskeli ile! Kwa baiskeli ile! Nilikwambia magoti yanamfika kidevuni, mrudishie fundi. Weye ulishaingia ndani unapuliza." Akakinyooshea kidole kile kifuu. "Nusu karne unanijua. Umesikia nusu ya neno langu, na nusu hiyo ndiyo uliyoiamini. Haya, chota. Chota na wa mguu wa kushoto, usije ukakosea dawa."

Akasimama pale kunitazama mpaka nikainuka. Sikuumwaga mchanga. Nataka niseme kweli katika hili, kwa sababu ningeweza kuandika kwamba niliumwaga. Nilikwenda nao nyumbani, nikauchanganya, nikamzungushia mtoto, nikauchoma. Mjukuu wangu alikaa kwenye kigoda huku moshi wa pilipili unamtoa machozi, na alipomaliza kukohoa akaniuliza, "Mchanga huu wa nani?" Nikamwambia wa njiani.

Goti halikupona. Jioni mwanangu akapiga simu kutoka Unguja. Sijui nani alimwambia. "Mama, nasikia mtoto anachechemea. Mwisho wa mwezi ntamtumia nauli." Nikamjibu ngojea. Nikamjibu kwa ukali, nikakata simu.

Kesho yake nikafanya jambo ambalo sasa nikilikumbuka najicheka kwa uchungu. Nilisema moyoni, kama si jirani basi ni mtu mwengine, yuko njiani, kila siku anamwona anapita. Nitakwenda nimkamate na jicho lake. Nikatoka mapema kabla yake, nikaenda kukaa kwenye jiwe karibu na kilima cha Gombani, upande wa uwanja wa mpira, nimejifunika kanga mpaka puani. Nikangojea nione nani atamtazama vibaya.

Akaja. Waliopita hakuna aliyemtazama. Mwanamume mmoja na mzigo wa muhogo, wanafunzi watatu, mwendesha pikipiki anazungumza na simu. Hakuna. Mimi peke yangu ndiye niliyemtazama, na ndipo nilipoona.

Mjukuu wangu alikuwa anapanda kilima juu ya kile kibaiskeli kama panzi aliyekunjwa. Goti likipanda linafika karibu na mbavu, analitupa nje kwa ubavu lisigonge usukani, linashuka nusu, halijanyooka, linapanda tena. Mguu wake mrefu, ule mguu niliokuwa nikiuongezea vipande vya buibui, haukunyooka hata mara moja. Mgongo wake ulikuwa upinde. Kichwa kimeingia mabegani. Aliponifikia karibu, bila ya kunijua, nilisikia anahesabu kwa kunong'ona, moja, mbili, moja, mbili, kama mtu anayekunywa dawa chungu.

Nilimwona anavyoinama, nikauona mgongo wangu. Nilikuwa nimemwambia anyooke, kisha nikamnunulia kitu cha kumkunja. Ukiniuliza jicho lililompata lilikuwa la nani, lilikuwa langu mimi, lililoipenda baiskeli ya buluu kwa sababu ilikuwa nzuri na ya chini.

Siku ile ile, aliporudi skuli, nikaikokota baiskeli mpaka Chake kwa miguu yangu. Fundi alipoiona hakunicheka. Ingekuwa afadhali.

"Pandisha kiti," nikamwambia.

Akafungua nati, akavuta bomba la kiti, kikapanda, kikapanda, halafu akasita. Akanionesha alama iliyochongwa kwenye bomba. "Hapa ndipo mwisho, mama. Ukivuta zaidi, siku moja bomba litavunjika na mtoto yuko juu. Na hapa bado ni chini. Mguu ukifika chini kabisa, kisigino kikiwa juu ya pedeli, goti linyooke. Lisipate kukunjika, wala asinyonge kiuno kuifikia pedeli. Yeye aje nimpime."

"Humpimi weye mguu."

"Basi mpime mwenyewe. Asimame ukutani bila ya viatu. Kutoka unyayoni mpaka panapokaa kiti. Urefu huo ndio uwe kati ya pedeli ya chini na mgongo wa kiti."

Nikarudi nyumbani. Nilimsimamisha mtoto ukutani chumbani, nikambana kibao cha mbuzi ya kukunia nazi mapajani badala ya kiti, na nikatafuta cha kupimia. Kamba ya usumba, ya makumbi ya nazi, inavutika, inadanganya. Ukili hauvutiki. Ukili uliokuwepo ni ule mkunjo wa jirani yangu, mweupe na mwekundu, uliokuwa bado pale barazani kwa sababu mimi sikuwa na uso wa kumrudishia na yeye hakuwa na moyo wa kuufuata. Nikaufungua. Nikaupeleka kutoka sakafuni mpaka kwenye kibao, nikafunga fundo. Yule mwanamke anasuka ukili sawasawa, hakuna pahala upana unapotofautiana, wewe unaweza kuupimia dhahabu.

Siku tatu nilizunguka Chake Chake na ukili ule shingoni kama mganga. Kila baiskeli niliyoiona inauzwa niliipigia magoti: pedeli chini, ukili juu ya pedeli, vuta mpaka kwenye kiti. Ndogo. Ndogo. Watu wakaanza kuniita. "Bi mkubwa, unaishonea kanzu?" "Bibi, mpime na punda wangu!" Mmoja akaniuliza kama nampimia bwana harusi. Niliwajibu kila mmoja kwa kiasi chake, lakini sikuwa na raha. Nilikuwa nimebakiwa na siku chache kabla ya nauli ya mwanangu kufika, na mtoto alikuwa anakwenda skuli kwa miguu, anatoka alfajiri, anarudi goti limefungwa kitambaa.

Ile nyeusi ya mwanzo ilikuwa imeshauzwa. Nilistahiki.

Siku ya tatu nikaipata, kwa fundi yule yule, imetoka ndani ya kontena, kijivu, rangi imebanduka, haina kikapu, sura yake kama ng'ombe aliyekonda. Bomba lake la mbele limeinama, mwanamke anaingia bila ya kurusha mguu, lakini fremu ni ndefu na usukani uko juu, mbali na magoti. Tukapandisha kiti. Fundo la ukili likakaa juu ya mgongo wa kiti, na alama ya bomba bado iko ndani. Fundi akaichukua ile ya buluu na pesa kidogo juu yake, tukaagana.

Mjukuu wangu alipoipanda uani, nilifumba macho. Nyayo zake zilikuwa hazifiki chini; akisimama lazima atoke kwenye kiti, ateleze mbele, ndipo akanyage. Kila kitu ndani yangu kilitaka kusema shusha. Nikauma mdomo. Akazunguka mkarafuu mara mbili, akayumba, akanyooka. Mgongo umesimama. Mguu unafika chini, unanyooka, unarudi. Akasema, "Bibi, naona juu ya ua wa jirani."

Jirani. Nilichukua ukili, nikavuka njia.

Alikuwa anapepeta mchele. Nikamwekea ukili miguuni, nikamwambia nimekuja kuomba radhi, na kwamba ukili wake nimeupimia mguu wa mtoto na umesema kweli kuliko mimi. Akaupepeta mchele mpaka ukaisha.

"Na mchanga wangu uko wapi?"

"Niliuchoma."

"Hata baada ya kukwambia?"

"Hata baada ya kunambia."

Akaokota ukili, akaanza kulifungua lile fundo kwa kucha. Lilikuwa limekaza. "Nimekusamehe," akasema, bila ya kunitazama. Nilikuwa namjua vya kutosha kujua kuwa huo ni msamaha wa mdomo.

Tangu siku ile, kila asubuhi mtoto akitoka na baiskeli, jirani yangu anasimama mlangoni kwake na kupaza sauti: "Mashaallah! Mashaallah! Mashaallah!" Mara tatu, kama muadhini, mtaa mzima usikie. Halafu anaingia ndani na kufunga mlango. Hasemi neno jengine. Hasemi kama anayumba, hasemi kama buibui linaingia kwenye mnyororo, hasemi kitu. Mwanamke aliyekuwa akinambia chumvi imezidi, mtoto ana homa, kanga yako imechanika nyuma. Mdomo ule nimeufunga mimi. Nilikuwa nakaa barazani peke yangu na ukili wangu, na kila mashaallah ilinipiga kofi.

Skuli walimwongezea mwezi mmoja wa majaribio kwa zile siku alizokosa. Mwanangu nilimwambia nauli yake amnunulie mkewe kitambaa. Daktari aliligusa goti, akasema litatulia lakini si leo wala kesho, lilikunjwa vibaya muda mrefu. Kwa hiyo mpaka sasa mjukuu wangu anasali amekaa juu ya kigoda. Mimi, na umri wangu, nasujudu mpaka paji la uso linagusa mkeka, na nikiinuka namwona pembeni yangu, miaka ishirini na mbili, ameinamisha kichwa tu. Kigoda hicho hicho alichokalia nilipomzungushia mchanga. Sijamwambia mchanga ule ulikuwa wa nani. Nafikiri anajua.

Juzi barua ya kazi ikaja. Ameajiriwa. Jana asubuhi akatoka nayo kwenye mkoba, amenyooka, na mimi nikajiandaa kwa makofi yangu matatu. Jirani yangu akatoka mlangoni. Akafungua mdomo. Akamtazama mtoto, akakunja uso.

"We mtoto, simama! Kiti kimeshuka! Huoni goti hilo? Na bibi yako amekaa tu hapo kama kinyago!"

Hakumtaja Mungu hata mara moja.

Nikainuka. Magoti yangu yalilia, lakini nilikimbia ndani kutafuta spana, na nilipotoka nayo jirani yangu alikuwa ameshavuka njia, amekishika kiti kwa mikono miwili, ananiambia nikaze haraka, mtoto atachelewa.